Dawa nne, tarehe nne: namna ya kuzikutanisha siku ya gulio

SWALI

Ndugu mshauri, salaam na pole na kazi.

Nina famasi ndogo kwenye mji mdogo wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Wateja wa kudumu ni kama arobaini, wengi wazee wenye presha na sukari, wakulima wa kahawa na mahindi kutoka vijiji vya mbali. Mtu mmoja anakuja leo kuchukua ya presha, wiki ijayo ya sukari, na akikosa nauli ya bodaboda haji kabisa. Akija, mara nyingi dawa moja imeniishia, anaondoka na nusu.

Nimesikia kuna nchi ambako famasi humpangia mgonjwa dawa zake zote zitoke siku moja. Nataka kuanza hapa kwetu. Kompyuta sina, nina kaunta buku na simu. Naomba unisaidie: hesabu inaanzaje wakati kila dawa imebaki idadi yake? Boksi nyingine zina vidonge 28, nyingine 30, si tarehe zitapishana tena? Mteja atatoa wapi hela ya dawa zote kwa mpigo? Na kijana wangu wa kaunta anasema watu wakija mara moja kwa mwezi tutauza kidogo. Kweli?

Dada wa Famasi, Mbozi

JIBU

Dada yangu, salaam, na asante kwa swali linalogusa watu wengi.

Kaunta buku na simu vinatosha. Utaratibu huu ulishika umbo Marekani katika miaka ya 1990, na anayetajwa kuuanzisha ni John Sykora, mfamasia wa famasi ya mtu binafsi mjini Long Beach, California. Tofauti kubwa ni kwamba kule bima ndiyo inayolipa sehemu kubwa, kwako mzee anatoa noti mfukoni. Kwa hiyo usiuchukue ulivyo. Upinde ufuate maisha ya Mbozi, na hapo kitu cha kwanza ni siku.

Usimpangie mteja tarehe ya mwezi. Tarehe 15 leo ni Jumanne, mwezi ujao ni Alhamisi, na mkulima haishi kwa kalenda ya ukutani. Mpangie gulio. Tuseme gulio lenu ni Alhamisi: siku hiyo anakuja mjini hata bila dawa, ana cha kuuza, na nauli ameshailipa. Kila gulio la nne ni siku 28 kamili, na siku 28 ndizo zilizomo kwenye boksi nyingi za dawa za presha. Kwa mwaka ni mizunguko 13, siku 364. Umwambie mteja mapema kwamba atakuja mara 13, la sivyo ataona unamchaji mwezi wa ziada, ilhali vidonge anavyonunua ni vilevile.

Gawa wateja wako makundi manne kwa rangi: wekundu, kijani, bluu, njano. Kila Alhamisi ni zamu ya rangi moja. Wateja arobaini wanakuwa kumi kwa gulio, na hao unawamudu.

Sasa hesabu. Mwambie mteja aje na mfuko wake wote wa dawa, pamoja na vilivyofungwa na mpira, vilivyo kwenye kopo la mafuta, na alivyopewa na jirani. Mwageni mezani mhesabu pamoja. Chukulia mzee mwenye dawa nne, na leo ni Alhamisi asubuhi kabla hajanywa kitu. Amlodipine ya presha, miligramu 10, moja kwa siku, zimebaki 6. Losartan, nayo ya presha, miligramu 50, moja kwa siku, zimebaki 17. Metformin ya sukari, miligramu 500, mbili kwa siku, zimebaki 22, yaani siku 11. Atorvastatin ya kupunguza mafuta kwenye damu, miligramu 20, moja usiku, imekwisha.

Tafuta inayokwenda mbali zaidi: losartan, siku 17. Gulio la kwanza baada ya hapo ni siku ya 21. Hilo ndilo gulio lake. Kila dawa sasa unaipa kiasi cha kuifikisha hapo: siku 21 mara vidonge vya siku, toa vilivyobaki. Amlodipine 15, losartan 4, metformin 20, atorvastatin 21. Kisha ongeza akiba ya siku tatu kwa kila moja, mara hii tu: zinakuwa 18, 7, 26 na 24. Akiba hiyo ni ya mvua, msiba, au bodaboda iliyoharibika, na inabaki nyumbani kwake siku zote. Kuanzia gulio hilo unampa za siku 28, naye anatanguliza kunywa zilizobaki ili akiba isizeekee kwenye mfuko.

Kosa linaloumiza watu hapa ni kulinganisha kwa kusubiri. Mtoa dawa anasema, "Mzee, ya presha ngoja, utaichukua pamoja na nyingine wiki ijayo." Hapana. Tarehe hufikiwa kwa kuongeza vidonge, kamwe si kwa kumwacha mtu siku saba bila dawa. Atenolol na propranolol, dawa za presha na moyo, zikikatwa ghafla moyo unaweza kuanza kwenda mbio na kifua kubana. Carbamazepine ikikatwa, kifafa kinarudi.

Swali lako la 28 na 30 ni zuri kuliko ulivyodhani, maana hapo ndipo daftari nyingi zinavurugika bila mtu kujua kwa nini. Ukitoa 30 kila mzunguko, mwisho wa mwaka mteja ana vidonge 26 vya ziada vya dawa moja, wakati ile ya boksi la 28 imekwisha siku yake. Wengine hukata karatasi ya vidonge na mkasi, wanabaki na vipande viwiliviwili visivyo na tarehe ya kuisha wala namba ya toleo. Huna haja ya mkasi. Kwa dawa ya moja kwa siku yenye karatasi za vidonge kumi, toa karatasi tatu mizunguko minne mfululizo, na mzunguko wa tano toa mbili. Ziada ya vidonge viwiliviwili imeshafika nane, nane na ishirini ni 28, mmerudi sawa. Kwa dawa ya mara mbili kwa siku toa karatasi sita, sita, tano, sita, tano, nayo inajifunga mzunguko wa tano. Andika kwenye ukurasa wa mteja uko mzunguko wa ngapi, maana baada ya miezi mitatu hutakumbuka.

Tuje kwenye hela. Tuseme dawa za mzee huyu kwa siku 28 ni shilingi 36,000. Hatoi 36,000 Alhamisi moja, lakini anapita mlangoni kwako kila Alhamisi, na 9,000 anaweza. Hicho ni kibubu. Ana kadi yake, wewe una ukurasa wako, kila akiweka hela mnaandika pande zote mbili na kutia saini au dole gumba. Akituma kwa simu, itumwe kwenye laini ya biashara yenye jina lililosajiliwa, wala si ya kijana wa kaunta. Kisha weka sheria ambayo huivunji hata siku mbaya: hela ya kibubu si mtaji wa duka. Ukiitumia kununulia dawa za kikohozi zinazotoka haraka, siku wekundu wanakuja huna amlodipine wala hela, na habari hiyo itafika vijiji vyote kabla ya jioni. Mtu akihama au akifariki, familia inarudishiwa salio lote bila kuzungushwa.

Msimu wa kahawa hela huja kwa mkupuo. Mruhusu mteja alipie mizunguko mitatu mbele ili mvua za mwanzo wa mwaka zimkute ameshalipa, ila dawa zenyewe mpe za siku 28 tu. Dozi hubadilika, na kabati la jikoni juu ya moshi si mahali pa kuweka dawa za miezi mitatu.

Na ambaye hela yake haijatimia gulio hilo? Mpe siku saba za dawa zote badala ya mwezi mzima wa moja. Ukimwacha achague, mara nyingi atachukua ya sukari, kwa sababu hiyo anaisikia mwilini ikikosekana, na kuiacha ya presha isiyomuuma popote. Bei kwa kidonge iwe ileile, usimtoze zaidi anayenunua kidogo. Kama hata kwa wiki zote hazimudu, usiamue wewe ipi iachwe. Andika barua fupi kwa daktari aliyeandika cheti, ueleze mgonjwa anashindwa ipi na kwa kiasi gani. Mara nyingi ipo ya bei nafuu ya kundi lilelile.

Kwa mteja mwenye bima, soma kwanza mkataba wako na kampuni ya bima uone unaruhusu dawa za siku ngapi kwa mara moja na kabla ya siku ya ngapi huwezi kutoa tena. Hao anza nao baadaye.

Sehemu inayobeba huduma nzima ni simu ya wiki moja kabla. Famasi zikishazoea tarehe huacha kupiga, na hapo kinachobaki ni mfuko wa dawa unaotoka bila mtu kuuliza kitu. Piga Jumatano jioni, siku nane kabla ya gulio lake. Mwambie ashike dawa mkononi, akuhesabie. Kwa ile ya moja asubuhi, akiwa ameshakunywa ya siku hiyo, anapaswa kuwa na 10: saba za wiki na tatu za akiba. Kama kuna ziada ya boksi la 30, ijumlishe, iko kwenye daftari. Akikuambia 17, amekosa siku saba, na sasa una jambo la kuuliza kwa upole: alisafiri, ilimsumbua tumbo, au aliona presha imeshuka akaona amepona? Akikuambia 4, ama anakunywa mara mbili, ama anagawana na mke wake mwenye presha ambaye hajawahi kuandikiwa dawa. Hili la kugawana ni la kawaida mno vijijini, na wengi hawalisemi mpaka vidonge vihesabiwe. Mke naye aje apimwe.

Baada ya hesabu, uliza kama alikwenda hospitali au kulazwa, na kama kuna dawa mpya au iliyobadilishwa. Uliza kinachomsumbua kwa jina la dalili: miguu kuvimba kwa amlodipine, kikohozi kikavu kwa dawa za presha za lisinopril, captopril au enalapril, kuharisha kwa metformin, kutetemeka na jasho la njaa kwa glibenclamide ya sukari. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, uliza kama anaweza kuwa mjamzito. Losartan, dawa za kundi la lisinopril na atorvastatin hazimfai, na hilo halisubiri gulio, amwone daktari mara moja. Mwisho hakikisha atakuja mwenyewe au atamtuma nani.

Simu nyingi kijijini ni za watu watatu. Siku ya kumwandikisha mpe karatasi atie saini kwamba anakubali kupigiwa, kwa namba ipi, na nani anaweza kuambiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama taarifa zako ziko kwenye kaunta buku. Akipokea mtu mwingine, sema tu, "Mwambie famasi wanamuulizia," basi.

Simu hiyo ndiyo inayotibu tatizo lako la kuishiwa. Jumatano usiku unajua idadi kamili ya kila dawa kwa wale kumi. Alhamisi asubuhi, kabla gulio halijachangamka, unaagiza kwenye duka la jumla Mbeya kwa majina na idadi, si kwa kukisia rafu. Mzigo ukifika Jumamosi au Jumatatu, Jumanne unafunga mifuko, Jumatano mtu wa pili anakagua kila mfuko dhidi ya cheti na daftari. Kukagua ulichofunga mwenyewe hakusaidii, jicho linaona linachotarajia. Acha vidonge kwenye karatasi zake, usivimimine pamoja kwenye bahasha moja. Juu ya mfuko andika kwa Kiswahili: ya presha, moja asubuhi. Metformin andika "pamoja na chakula".

Duka la jumla likikuletea amlodipine ya kampuni nyingine, hapo simama. Mzee amezoea kidonge cheupe cha duara, leo unampa cha njano. Nyumbani anakuwa na dawa mbili mbele yake, na mtu mtiifu anakunywa zote mbili. Ziweke zote mezani, ya zamani na mpya, mwonyeshe kwa kidole kwamba ni dawa moja yenye nguo mbili, amalize ile kwanza. Kwa mwenye kifafa usibadilishe kampuni bila kuzungumza na daktari wake.

Ule mfuko uliomwagwa mezani siku ya kwanza uchunguze pia kwa yanayogongana. Utakuta losartan na lisinopril kwa mtu mmoja, zilizoandikwa na hospitali mbili. Utakuta kidonge chenye losartan na hydrochlorothiazide (ya presha, inayokojoza) ndani yake, na hydrochlorothiazide nyingine pembeni. Utakuta diclofenac ya mgongo, inayopandisha presha na, ikichanganyika na losartan na hydrochlorothiazide, kuumiza figo. Hapo usilinganishe kwanza. Ukilinganisha kosa, utalitoa kwa wakati kila baada ya siku 28. Mrudishe kwa daktari na maelezo ya maandishi. Kazi yako ni tarehe na idadi, dozi na aina zinabaki kwenye cheti, na cheti kilichopitwa na wakati hakifufuki kwa kuwa mteja yumo kwenye daftari. Andika siku yake ya kliniki pembeni ya jina lake.

Zipo dawa za kuacha nje. Antibayotiki na dawa mseto ya malaria zina mwisho wake. Za maumivu na salbutamol ya kupuliza hutumika inapohitajika, ila uliza katumia kiasi gani: anayemaliza chupa ya mipulizo 200 kila mwezi pumu yake haijadhibitiwa. Warfarin, ya kuzuia damu kuganda, dozi yake hufuata kipimo cha damu. ARV anachukua kituoni kwake, wewe zijue tu ili usimpe kitu kinachogombana nazo, na usiziandike mahali ambapo kila mtu wa dukani anasoma.

Insulini inaingia kwenye utaratibu, lakini hesabu yake ni nyingine. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayechoma yuniti 30 kwa siku atatumia 840 kwa siku 28, na mteja akiona yuniti 160 zimebaki hataki kuzitupa. Insulini nyingi zikishafunguliwa hudumu wiki nne hadi sita tu, kutegemea aina, kwa hiyo soma karatasi iliyomo ndani ya boksi na uandike kwenye chupa tarehe ya kufungua na ya kutupa. Ambazo hazijafunguliwa zikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Siku ya kuchukua, mpime presha akiwa ameketi na kupumzika dakika tano. Ikifika 180 juu au 120 chini, rudia baada ya dakika chache. Ikibaki hapo, aende hospitali leo. Kama ana kifua kubana, macho kuona giza au upande mmoja umelegea, aende saa hiyohiyo, dawa utampelekea.

Kijana wako wa kaunta anahesabu miguu inayoingia, ahesabu vidonge. Mteja anayekosa siku nane katika kila 28 ni vidonge vinane vya kila dawa ya moja kwa siku ambavyo hukuuza, na safari ambazo hakuzifanya kwa kukosa nauli. Kitakachopungua kweli ni manunuzi ya njiani, sabuni na dawa za mafua, kiasi fulani. Na muda utautumia: siku ya kumwandikisha mtu mmoja tenga nusu saa hadi dakika arobaini, tena siku isiyo ya gulio.

Kwa hiyo anza na wateja kumi wa rangi moja. Chagua wenye dawa tatu au zaidi, ambao dozi zao hazijabadilika kwa miezi mitatu, na wenye simu inayopatikana. Acha kwanza aliyetoka kulazwa juzi. Waislamu waulize mapema kuhusu Ramadhani, kwani saa za dawa za sukari zinapaswa kupangwa na daktari kabla ya mfungo. Ukimaliza mizunguko miwili bila mfuko uliopungua, ongeza rangi ya pili.

Mfuko usiochukuliwa Alhamisi usiurudishe rafuni jioni ile. Piga simu Ijumaa asubuhi. Akiba yake ni ya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili asubuhi hana kitu. Asipopatikana hadi Jumamosi saa nne, mtumie kwa bodaboda mnayemfahamu, mfuko umefungwa kwa stepla, jina tu nje bila ugonjwa, na aliyepokea atie saini kwenye karatasi inayorudi kwako. Insulini isipande bodaboda bila kopo lenye barafu, nayo izungushiwe kitambaa isigusane na barafu.